Naomba ushauri: tumalize kitabu cha Oz kwanza, au filamu?

Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka 7, na kila usiku namsomea The Wonderful Wizard of Oz cha L. Frank Baum (1900), nikimtafsiria papo hapo. Tumefika nusu. Sasa shangazi yake anataka kumwonyesha filamu ya 1939, nami nasita. Viatu vya fedha vya Dorothy, msichana anayesafiri katika nchi ya ajabu ya Oz, kugeuka vyekundu kwenye filamu si neno. Kinachonisumbua ni kwamba filamu inaimaliza safari nzima kama ndoto, wakati kitabuni nchi ya Oz ipo kweli, na mwanangu anaiamini kabisa!

Tusubiri? Na The Wiz, filamu nyingine ya hadithi hiyohiyo ya 1978, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa 1975, inamfaa mtoto wa umri huu? Mliowahi kuitazama na watoto, nisaidieni.