Naomba ushauri: ishara za refa kwenye futiboli ya Kimarekani

Ndugu zangu, naombeni msaada. Mwanangu anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni hapa Ohio, na nataka sana kumfuatilia kwa kuelewa. Kibendera cha njano kikirushwa, refa akajishika kifundo cha mkono, najua kuna aliyemshika mpinzani: timu yake inarudishwa nyuma yadi 10. Akizungusha mikono mbele ya kifua, mtu kachomoka kabla mpira haujaanza, yadi 5. Mikono kiunoni ni kuotea, yaani mtu kavuka mstari wa mpira kabla haujaanza. Hayo nimeyashika. Kinachonitesa ni ile ya kupishanisha mikono mbele ya mwili: mara pasi haikudakwa, mara adhabu imekataliwa! Mnatofautishaje mkiwa jukwaani? Na kwa nini timu iliyokosewa ikatae yadi za bure? Ijumaa wanacheza tena, nielekezeni jamani.