Eksirei imegeuzwa kushoto kulia, nimeuliza kwa adabu, nimeambiwa nibadilishe macho!

Mbavu_ya_Tano

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Kipindi cha mtandaoni kimeisha sasa hivi, hata kompyuta sijaizima.

Mnamjua. Sitamtaja na sina haja ya kumtaja. Yule mhadhiri wa "hii iko wazi" kila slaidi, hata slaidi yenyewe ikiwa nyeusi kama usiku wa manane. Leo kaweka eksirei ya kifua iliyovutwa mpaka mbavu zikawa ngazi za ghorofa kumi, ukungu mtupu. Akasema: nyumothoraksi, yaani hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu la kushoto limesinyaa, hii iko wazi.

Nikaangalia. Moyo umeelekea upande usio wake. Ile hewa ya tumboni, ambayo hukaa upande wa kushoto chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, iko ng'ambo. Na juu pembeni kuna herufi R, alama ya upande wa kulia wa mgonjwa, imeandikwa KINYUME. Kinyume, wakuu! Kama maandishi ya kwenye kioo! Tena imekaa juu ya pafu lilelile analoliita la kushoto!

Nikaandika kwenye meseji za kipindi: "Samahani daktari, naomba kuuliza, hii picha haijageuzwa?" Samahani nimeweka. Naomba nimeweka. Akanyamaza kidogo, akasoma jina langu kwa sauti, yote, mpaka la babu, darasa zima linasikia. Kisha akasema: "Kama huoni, badilisha macho au badilisha kozi." Akafunga sehemu ya meseji. Akaendelea na slaidi.

Badilisha macho! Macho yangu ndiyo yaliyoona R imegeuka. Watu wote mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyefungua maiki kusema "daktari, na mimi naiona."

Kesho mtu atakariri picha ile ikiwa kinyume, atasimama mbele ya mgonjwa na mrija wa kifuani wa kutolea hewa mkononi, atatoboa upande mzima na kuacha upande mgonjwa. Halafu mimi ndiye nibadilishe kozi?

---

Usiku_wa_Wodi

Pole mkuu. Huyo namjua, hakuna asiyemjua. Sisi alituwekea kipimo cha umeme wa moyo akauliza QRS, lile wimbi refu la mapigo ya moyo, ni pana au nyembamba. Pana inaanzia sekunde 0.12, yaani vile vimiraba vidogo vitatu. Vimiraba vyenyewe havionekani! Picha imebanwa na kubanwa mpaka karatasi yote imekuwa rangi ya waridi. Nihesabu nini?

Bandeji

Povu lote hili kwa herufi moja? Ungeandika jibu lake kwenye mtihani, ukapata alama zako, ukalala.

Mbavu_ya_Tano

@Bandeji mgonjwa hana mtihani. Ana pafu la kulia na pafu la kushoto.

Daktari_Mtarajiwa

Mleta uzi, umewahi kusikia situs inversus? Kuna watu wamezaliwa na moyo kulia, ini kushoto, viungo vyote vimebadilishana. Ni nadra, takriban mtu 1 kati ya 10,000, lakini wapo. Inawezekana daktari alikuwa anakupima.

Mbavu_ya_Tano

Moyo unaweza kuzaliwa upande wa kulia. Herufi haizaliwi kinyume. R ikigeuka ujue picha imegeuzwa, basi. Na kama alikuwa anapima, mbona aliyejibu ndiye kaambiwa abadilishe kozi?

Usiku_wa_Wodi

Hapo kwenye herufi umemmaliza.

Chumba_cha_Giza

Nipo radiolojia, niseme kidogo. Picha halisi ya DICOM, yaani faili asilia la picha za hospitali, mara nyingi ina ngazi za kijivu 4,096 na taarifa zake zote ziko ndani, pamoja na upande. Mtu akiipiga picha ya skrini akaibandika kwenye slaidi, zinabaki ngazi 256 na zile taarifa zinapotea. Kinachokufa kwanza ni ule mstari mwembamba wa pleura, utando unaofunika pafu, na mstari huo ndio nyumothoraksi yenyewe! Anafundisha ugonjwa kwa picha ambayo ugonjwa umeshafutika. Tena wengine hukata pembe zote ili slaidi ipendeze, R inaondoka kabisa. Nyie mna bahati, wa kwenu kaiacha.

Kipimajoto

Na ile nyumothoraksi ya kubana, hewa inapozidi kujaa ikabana moyo, haisubiri eksirei, mleta uzi. Ukiona koo la hewa limesukumwa, presha inashuka, unatoboa palepale. Rudi ukasome.

Mbavu_ya_Tano

Nimeandika wapi "ya kubana"? Nimeandika mrija. Mrija unawekwa baada ya kuangalia picha. PICHA. Aliyoigeuza. Nikamwambia. Akasoma jina langu mpaka la babu.

Valvu_Mbovu

Bora nyie mnaangalia. Sisi tulifundishwa sauti za moyo mtandaoni. Programu ya kipindi imetengenezwa ibakize maneno ya mtu na kufuta kelele, na kwa programu ile mlio wa valvu mbovu ni kelele! Kipindi kizima tumesikiliza kimya. Yeye anasema "mmeisikia hiyo?" na watu wanaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sauti ya tatu ya moyo ni nzito na ya chini, spika za kompyuta ndogo haziitoi hata ukiziwekea sikio. Waliosema ndiyo walisikia nini?

Usiku_wa_Wodi

Mimi niliandika ndiyo. Wote walikuwa wanaandika ndiyo.

Valvu_Mbovu

Basi ni nyie mnaotuharibia! Mngesema hatusikii angetafuta rekodi nzuri.

Rangi_ya_Upele

Jamani ngozi je? Mihadhara kumi na miwili ya ngozi, wagonjwa wote weupe. Kila upele "mwekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu ule unaweza kuonekana zambarau, kahawia au kijivu, na ukingoja wekundu uutafute utaukosa. Nilimkosa mtoto mwenye selulaitisi, maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi, wodini, nesi ndiye aliyenionyesha kwa kugusa: joto, kigumu, kinauma. Sijausahau mguu ule hadi leo. Hili ni kubwa kuliko R yenu.

Bandeji

Hapo naunga mkono. Huu ndio ungekuwa uzi.

Mbavu_ya_Tano

Haya ni kweli na yanauma, ila naomba turudi kwenye eksirei. Nataka kumwandikia mkuu wa kitengo na nahitaji mtu mwingine aliyeiona ile picha. Mmoja tu.

Chumba_cha_Giza

@Rangi_ya_Upele una picha nzuri za ngozi nyeusi? Tunahitaji sana.

Rangi_ya_Upele

Ninazo, za wagonjwa waliokubali, sura hazionekani. Nitazipanga.

Kipimajoto

Niwekee na mimi. Kuna mwenye mihadhara ya uzazi? Yule mama anaongea taratibu mno, mimi namsikiliza kwa kasi mara mbili.

Valvu_Mbovu

Mara mbili? Mimi moja na nusu, zaidi ya hapo sishiki kitu.

Daktari_Mtarajiwa

Kasi mara mbili kwenye uzazi ndiyo maana mnachanganya mlalo wa mtoto tumboni na kitangulizi, kile kinachotangulia kutoka.

Kipimajoto

Nani kachanganya? Mlalo ni wima, mkingamo au mshazari, kitangulizi ni kichwa au makalio. Njoo hapa tupambane.

Mbavu_ya_Tano

Mmoja tu aliyeiona R. Hata kwa ujumbe wa pembeni.

Usiku_wa_Wodi

@Kipimajoto ile ya kutokwa damu baada ya kujifungua unayo? Yangu inakatika dakika ya arobaini.

Kipimajoto

Ninayo nzima. Subiri niipandishe.