Nimetoa notisi, tajiri asema hajaniruhusu kuondoka

Mpishi wa Shela
Asalaam aleikum jamani. Nimepika miaka sita kwenye nyumba ya wageni hapa Shela, kwa mshahara wa mwezi. Sasa nimepata kazi hotelini Malindi, nao wanataka cheti cha utumishi na barua ya kuonyesha nimeachana vizuri na tajiri wangu. Tarehe 2 nilimpa barua mkononi. Hakuifungua. Aliiweka chini ya kopo la sukari, na mpaka leo ipo pale pale, pembe imelowa mafuta. Nikimuuliza, asema, "Sijakuruhusu." Alinichukua nikiwa sijui hata kupara samaki, sitaki kumtoroka. Nifanyeje?

Mshika Stoo, Malindi
Waaleikum salaam dadangu. Kuacha kazi hakuombewi ruhusa, hutolewa notisi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 35: wa mshahara wa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28. Mkataba wenu ukiwa umetaja muda mrefu zaidi, fuata huo. Toa nakala ya barua ile ile, umwombe aandike "nimepokea tarehe 2" na asaini.

Lakini kinachowaponza wengi ni makabidhiano. Mimi niliacha stoo ya hoteli moja kwa kurudisha funguo na kuagana tu. Miezi miwili baadaye naambiwa pampu ya maji haionekani, cheti changu kikazuiliwa. Karatasi sina! Kumbe pampu ilipelekwa kwa fundi, nikahangaika mpaka akatoa risiti. Basi wewe hesabu sufuria, mitungi ya gesi, mpaka mbuzi ya nazi, mbele ya atakayepokea, na nyote msaini. Visu vyako mwenyewe viandike kando.

Cheti ni haki yako, kifungu cha 51. Huandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina lako, kazi yako na mahali, siku ya kuanza na ya kuacha. Kukusifu halazimiki. Anayekinyima kusudi aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, ila usianze na hayo. Akishupaa, nenda kwa afisa wa leba.

Bi wa Langoni
Mwanangu, siku za likizo ulizobakisha zidai pia. Na umwendee baada ya Magharibi, pamoja na mtu mzima. Asubuhi wageni wangoja chai, hatakusikiza.

Mpishi wa Shela
Shukran sana. Jana nilikwenda na mjomba. Tajiri aliitoa barua chini ya kopo, akaisoma mara mbili, kisha akauliza, "Wageni wa mwezi ujao watapikiwa na nani?" Kumbe hilo ndilo lililomkaa moyoni. Nimemwahidi kijana wa jikoni atajua samaki wa kupaka na wali wa nazi kabla siku zangu hazijaisha. Tajiri amesaini nakala. Cheti atanipa siku ya mwisho, na mjomba amesikia. Kesho twaanza kuhesabu vyombo.