Vyoo vya familia katika vituo vya mapumziko vya barabara kuu

Swali: Baba anayesafiri na binti yake mdogo, au mke anayemsaidia mume mgonjwa, aingie choo kipi iwapo kituo kina milango miwili tu, wa wanaume na wa wanawake? Je, choo cha familia kinaweza kuunganishwa na cha watu wenye ulemavu ili kupunguza gharama?

Jibu la 1: Ndugu muulizaji, inawezekana, mradi kuwe na nafasi ya kugeuzia kiti cha magurudumu, yaani mduara wenye kipenyo cha takriban mita 1.5, pamoja na vishikio ukutani, sinki humo humo ndani, na mlango ambao mhudumu anaweza kuufungua kutoka nje kunapotokea dharura. Meza ya kubadilishia nepi isizibe nafasi hiyo inapokunjuliwa.

Jibu la 2: Naafiki, ila kituo kinachopokea mabasi kijenge viwili, kwa kuwa familia hukaa humo kwa muda mrefu ilhali mwenye kiti cha magurudumu hana pengine pa kwenda.

Jibu la 3: Wapo pia watu wazima wanaovaa nepi. Meza ya mtoto haiwezi kuwabeba, hivyo walezi hulazimika kuwalaza sakafuni, jambo linalowavunjia heshima. Kitanda imara kiwekwe tangu ramani inapochorwa.