Naomba ushauri: trela la zamani la Sankey, nibadili habu au ekseli nzima?

Wakuu, habari. Trela liko Moshi, ni lile la jeshi la Uingereza. Litavutwa na Land Cruiser HZJ75 kwenda kupiga kambi Ziwa Natron kupitia Engaruka. Chesisi imeoza pale springi zinaposhikwa. Hapo nitakata na kuchomelea bamba la milimita 4. Kiraka cha juu sikitaki, maji hubaki katikati na kutu inaendelea chini kwa chini.

Kinachoniumiza kichwa ni magurudumu. Habu (pale katikati gurudumu linapofungwa kwa bolti) zina bolti 5 za Land Rover, gari lina 6, na spea tairi nataka iwe moja kwa vyote. Adapta, zile sahani za kufunga gurudumu la bolti 6 kwenye habu ya bolti 5, naziogopa: zinasogeza tairi nje, beringi inaelemewa, na nati zikilegea kwenye mtikisiko unajua baadaye sana. Nichongeshe habu mpya, au nifunge ekseli ya nyuma ya Hilux? Ina bolti 6, ila difu, lile bonge la gia la katikati, inaning'inia na kugonga mawe.

Pia springi ni ngumu: mzigo hautazidi kilo 400, kwa hiyo trela litarukaruka. Nikipunguza majani (vile vyuma bapa vilivyopangwa kwenye springi), nianze na lipi? Lile refu la juu haliguswi, hilo najua. Aliyefanya kazi hii Arusha au Moshi anielekeze.