Wafugaji wa paka, tupeane uzoefu: ni lini hasa ulimwelewa paka wako?

Mama Pamba

Wakuu, habari za muda huu. Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa, leo nimeona nililete kwenu.

Nina paka wawili, Pamba na Chausiku, majike wote, wamezaliwa tumbo moja. Miaka minne wamelala kikapu kimoja, huyu kaegemeza kichwa mgongoni mwa yule, wanalambana masikio mpaka usingizi unawachukua. Ugomvi wao ulikuwa wa michezo tu.

Siku moja Chausiku akaumwa jino. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akalazwa usiku mmoja. Kesho yake namrudisha, nafungua tu boksi, Pamba akaja mbio kumpokea. Alipomnusa akarudi nyuma, manyoya yakamsimama mgongo mzima, akafoka, halafu akamrukia. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia ndani ya nyumba yangu. Chausiku, bado ana usingizi wa dawa, akajikokota hadi nyuma ya kabati na hakutoka mpaka usiku.

Nilimkasirikia sana Pamba. Wiki nzima nikawa namfokea kila akimsogelea mwenzake na kumtoa chumbani. Naomba niliseme hili wazi, maana ndilo kosa lililonichelewesha: kila nilipomfokea, Pamba alijifunza kwamba Chausiku akitokea, balaa linafuata.

Aliyenifumbua macho ni daktari yule yule. Paka wanaoishi pamoja hujisuguana mashavu, paji la uso na ubavu mpaka wote wananukia kitu kimoja, na kwao harufu hiyo ndiyo undugu. Sura ina nafasi ndogo. Chausiku alirudi ananuka dawa, meza ya chuma na paka wasiojulikana. Pamba alimwona mgeni aliyevaa sura ya dada yake.

Nikawatenga vyumba viwili. Kitambaa nikimsugua huyu mashavuni nampelekea yule, na cha yule nampelekea huyu, kila siku. Chakula nikawawekea pande mbili za mlango mmoja uliofungwa. Mwanzoni Pamba alikifokea kitambaa. Siku ya kumi na sita nikamkuta amekilalia. Hapo ndipo nikafungua mlango, kidogo kidogo.

Watu husema paka ana kiburi, hana shukrani, anapenda nyumba tu hampendi mtu. Mimi sikubali tena maneno hayo. Wewe umejifunza nini kwa paka wako? Leta kisa chako, hata kiwe cha mistari miwili.

Kaka wa Ghorofani

Mama Pamba, umenigusa. Mimi niliharibu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na dume mmoja, Simba, amehasiwa, mpole, ana miaka sita. Nikaona anakaa mpweke nikamletea mwenzake mdogo. Nikamweka katikati ya sebule nikisubiri wajuane. Simba alimwangalia bila kupepesa, masikio yamelala pembeni, kisha akaondoka akapanda juu ya kabati. Siku tatu hakushuka ila usiku. Akaacha kuja kitandani kwangu, na yule ni paka aliyelala miguuni mwangu miaka yote.

Ilibidi nianze upya. Mdogo nikampa chumba chake chenye kila kitu: maji, chakula, sanduku la mchanga, mahali pa kupanda. Nikabadilishana matandiko yao. Baadaye nikawa nawabadilishia vyumba kwa saa moja, Simba ananusa kwa mdogo, mdogo ananusa sebuleni, bila kuonana. Kuonana kulianza wiki ya tano, mlango umeachwa upenyo wa vidole viwili, wote wanakula. Jumla ilichukua wiki tisa. Marafiki walinicheka kwamba nawaoza.

Hawajawa ndugu kama wa kwako. Hawalambani. Ila wanalala kwenye kochi moja, umbali wa mkono, na nimejifunza kuliheshimu hilo kuwa ni mafanikio. Babu yao ni paka mwitu wa Afrika, anayewinda peke yake na kuishi peke yake. Mbwa wakikosana wana ishara zao za kusuluhishana. Paka wana chache mno, wao humaliza ugomvi kwa kuachiana nafasi. Kwa hiyo kazi yangu ni kuhakikisha nafasi ipo. Sasa nina masanduku matatu ya mchanga kwa paka wawili, vyombo vya chakula mbali mbali, na hakuna kona ndani ambayo mmoja anaweza kumzibia mwenzake njia.

Mpita Njia

Wa kwangu nikirudi kazini hunipokea mlangoni, mkia umesimama wima, ncha imejikunja kidogo. Ndiyo salamu yenyewe. Hata kitoto cha paka humwendea mama yake hivyo hivyo. Siku mkia usiposimama najua kuna kitu.

Dada wa Bustani

@Mpita Njia, nikuongezee hapo kwenye mkia, maana kwetu ulituletea vita. Tuna mbwa mpole na tukaleta paka. Paka akikaa anapigapiga mkia sakafuni, mbwa anaona mwenzangu amefurahi huyu, anamfuata acheze, anakula kucha za pua. Mbwa naye akija anatikisa mkia, paka anasoma hasira. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kwa lugha yake na mwenzake anasikia kinyume. Ilibidi tumfunge mbwa kamba ndani ya nyumba kwa muda na kumpa paka rafu za juu ambako mbwa hafiki. Leo wanafahamiana, ila paka ndiye anayeamua lini.

Msafiri Mpya

Naombeni msaada, siyo kisa. Nimemchukua paka mkubwa, jike, aliyekuwa anaishi nje. Siku ya tisa leo yuko chini ya kitanda. Anakula nikilala. Nikiinama kumtazama anafoka. Nimejaribu kumvuta mara mbili ili azoee, amenikwaruza. Je, hanipendi?

Bibi Macho

Mjukuu wangu, acha kabisa kumvuta. Hapo chini ya kitanda ndipo penye usalama wake pekee, na mkono wako umeingia humo mara mbili. Foka si tusi, anakuomba usogee, na ukisogea amejifunza kwamba unasikia.

Fanya hivi. Lala sakafuni mbali kidogo, ubavu, usimkabili. Usimkazie macho, maana kwa paka kukaziwa macho ni kutishiwa. Macho yakikutana, yafumbe taratibu kama mtu anayesinzia, yafumbue nusu, yafumbe tena, kisha geuza uso. Hii niliifanya miaka mingi kwa kuona tu kwamba inafaa. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, wakaipima: paka waliofumbiwa macho hivyo walijibu kwa kufumba yao, na walikuwa tayari zaidi kuusogelea mkono wa mtu wasiyemjua. Nilifurahi siku nzima niliposikia.

Na ongea naye kwa sauti ya chini, hata kama unasoma tu kwa sauti. Mpe jina moja, usilibadilishe. Paka hulijua jina lake, hilo nalo limeshapimwa Japani na matokeo yakatoka 2019. Kuitika ni hiari yake.

Kidole Kimoja

Kisa changu ni tumbo. Wazee walisema paka hakubali kulala chali. Wa kwangu anakubali! Anajitupa miguuni pangu, chali, tumbo lote nje. Nilidhani ananiita nimkune. Kila nikiweka mkono, anaukumbatia kwa kucha za miguu yote minne na meno juu. Mwaka mzima nilimwona msaliti.

Kumbe anachoniambia ni kwamba ananiamini kiasi cha kuacha tumbo wazi mbele yangu. Kunionyesha si kunipa ruhusa. Sasa akijitupa namkuna chini ya kidevu na mbele ya masikio, mahali anapojisugulia mwenyewe, na namuacha kabla hajachoka. Ngozi ya mgongo ikianza kucheza, au mkia ukianza kupiga, mkono natoa. Hajaniuma tangu hapo.

Mlezi wa Usiku

Mimi niliokota kitoto cha paka kimoja, macho ndiyo kwanza yamefumbuka, mama haonekani. Nilikikuza kwa maziwa maalumu ya vitoto vya paka, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Alikua akanipenda mno, lakini aliuma. Aliuma kwa nguvu, kila kiungo, na hakujua kwamba inauma.

Nilikuja kuelewa kwamba somo hilo hufundishwa na mama na ndugu. Ukimng'ata ndugu yako kupita kiasi, analia na mchezo unakwisha. Wa kwangu hakuwa na ndugu wa kumwambia basi, na mimi nilikuwa namchezea kwa vidole, yaani nilimfundisha kwamba mkono ni windo. Kipindi kati ya wiki ya pili na ya saba ndicho kinachomjenga paka kijamii. Anachokutana nacho humo kwa wema, wawe watu, mbwa, au paka wenzake, hatakiogopa sana ukubwani. Ndiyo maana naumia nikiona watu wanawatoa vitoto kwa mama wiki ya tano kwa sababu tu vimeanza kula. Ngojeni. Wiki kumi au kumi na mbili si nyingi.

Kilichosaidia: kamba yenye manyoya mwishoni badala ya vidole, na kila akiuma mchezo unakufa pale pale. Sipigi, sipayuki. Nasimama naondoka.

Mzee wa Dirishani

Kwa faida ya wengine. Paka wangu alikuwa amekaa dirishani, nikampita, akanirukia mguu akauchana. Hajawahi. Nilitaka kumtoa nyumbani. Jioni nikaona paka dume mgeni anapita chini ya dirisha lile lile. Hasira ilikuwa ya yule, ikaniangukia mimi niliyekuwa karibu. Nikafunika nusu ya chini ya kioo kwa karatasi. Imekwisha hapo. Na kama paka wenu wawili wamepigana ghafla bila sababu, angalieni nje kwanza kabla ya kumlaumu mmoja.

Mama Pamba

Mzee, hili la dirisha sikulijua. Asante sana.

Upande wa Kushoto

Nina jambo zito kidogo. Nilikuwa na paka mzee, Mwezi. Siku zake za mwisho alikuwa anakoroma sana akiwa kifuani kwangu, nami nikajifariji kwamba ana raha. Nilichelewa kumpeleka hospitali. Daktari akaniambia kwa upole kwamba paka hukoroma pia akiwa na maumivu au hofu, labda ni namna ya kujituliza. Nalisema ili mwingine asichelewe. Tazameni kula, kunywa, kujilamba na choo. Koromo peke yake halitoshi. Na dume akienda kwenye mchanga mara kwa mara anajikamua mkojo hautoki, msingoje asubuhi. Hiyo inaua haraka.

Mwezi alipoondoka, Tausi aliyebaki alimtafuta. Usiku alizunguka vyumba vyote akilia mlio mrefu, na paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawaliani nyau hovyo, mlio huo wametunzia sisi. Kwa hiyo naamini alikuwa ananiuliza mimi. Sikuosha blanketi la Mwezi kwa mwezi mzima. Tausi alilalia hilo hilo. Harufu ilipoisha yenyewe, akahamia kwangu.

Kaka wa Ghorofani

Pole sana, dada. Nimesoma hadi nikamtafuta Simba nimshike.

Msafiri Mpya

Narudi. Ni siku ya kumi na tisa. Nimemwita Tulia. Nililala sakafuni kila jioni nikisoma kwa sauti kama Bibi Macho alivyosema. Jana alisogea mpaka ukingo wa kitanda, pua nje. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amefumba yake. Sijamgusa bado.

Ila asubuhi nimekuta amekojoa kwenye shati langu nililoacha chini. Je, ni kisirani? Nimwadhibu?

Bibi Macho

Usimwadhibu, mjukuu wangu. Paka halipizi kisasi kwa mkojo. Kwanza sanduku la mchanga liko wapi? Kama analazimika kuvuka chumba kizima kulifikia, lisogeze karibu na kitanda kwa sasa. Mchanga usafishe kila siku. Kojo likirudia, mpeleke akapimwe, huenda kibofu kinamsumbua.

Shati lingine, ulilolivaa kutwa, liache kule chini kwenye ukingo wa kitanda. Usilifue kwanza. Tuambie kama amelilalia.