Tupeane uzoefu: kwenda nje ya nchi peke yako kwa upasuaji wa kuthibitisha jinsia

#1
Wapendwa, tukusanye hapa yanayomsaidia anayesafiri bila wa kumsindikiza, kwenda kufanyiwa upasuaji wa kuulinganisha mwili na jinsia anayojitambua nayo. Simulizi za maisha tuziache. Tuandike hatua, vipimo, muda, na pale mambo yanapoharibikia. Watu wamekuwa wakivuka mipaka kwa ajili hii tangu daktari Mfaransa Georges Burou alipokuwa akifanya upasuaji huu Casablanca, Moroko, miaka ya 1950, na ugumu haujabadilika: hospitalini wapo wengi wa kukuangalia, lakini wiki zinazofuata hotelini hayupo hata mmoja. Panga wiki hizo kwanza, ndipo upange safari.

#2
Naanza na nywele, maana watu hukata tiketi kabla hawajazifikiria. Ngozi itakayotengeneza uke, au ngozi ya mkono itakayotengeneza njia ya mkojo ndani ya uume, ikibaki na vinyweleo vitaendelea kuota humo humo na kushika uchafu. Kuviondoa baadaye ni kazi ngumu sana. Nywele huota kwa zamu, kwa hiyo tenga miezi sita hadi mwaka, wakati mwingine zaidi. Leza haikamati mvi. Elektrolisisi (sindano ya umeme kwenye kila shina la nywele) hukamata nywele za rangi zote. Mwenye ngozi nyeusi aulizie leza ya Nd:YAG, kwa sababu aina nyingine huweza kumuunguza. Na usikisie eneo: mwombe daktari wa upasuaji akutumie mchoro wake.

#3
Karatasi. Mwongozo wa WPATH (chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia), toleo la 8 la mwaka 2022, unataka barua moja ya mtaalamu inayokupendekeza kwa upasuaji. Toleo la 7 lilitaka mbili kwa upasuaji wa sehemu za siri, na madaktari wengi bado wanashikilia mbili, basi zitafute zote mbili ukiwa nyumbani. Jina kwenye barua, tiketi na fomu za hospitali liwe lile lile la kwenye paspoti, hata kama si jina unalotumia. Ukipenda, barua iyataje yote mawili. Thailand utaonwa pia na daktari wa akili wa huko huko, kwa hiyo fika siku kadhaa kabla. India ina viza ya matibabu ya mtandaoni, na ipo nyingine ya anayemsindikiza mgonjwa.

Angalia sheria za dawa, hata za nchi utakazopitia tu. Testosteroni ni dawa inayodhibitiwa katika nchi nyingi, na tramadol, dawa ya maumivu, imewatia watu matatani Misri na Umoja wa Falme za Kiarabu. Dawa ibaki kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari. Ukiweza, chagua njia isiyopitia nchi ambayo sheria zake zinaweza kukugusa wewe mwenyewe.

#4
Nikotini ndiyo inayoharibu kazi nzuri kuliko kitu kingine. Inabana mishipa midogo ya damu, ngozi iliyohamishwa inakosa damu, inakufa. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Bandiko na ubani wa kutafuna vya nikotini, na sigara za umeme, vimo pia, na hospitali nyingi hupima kotinini (mabaki ya nikotini mwilini) kwenye mkojo au damu. Ukikutwa nayo unaahirishiwa, na pesa ya awali inaweza kupotea.

Estrojeni: wapo madaktari wanaoisimamisha wiki mbili hadi nne, wapo wasioisimamisha kabisa. Fuata wako, usijiamulie. Korodani zikitolewa, dawa za kuzuia testosteroni huwa hazihitajiki tena, lakini homoni yenyewe unaihitaji, la sivyo mifupa inadhoofika. Anayetaka watoto wa damu yake agandishe mbegu au mayai kabla, kwa kuwa korodani au ovari zikishatolewa hakuna njia.

#5
Kuhusu kuwa peke yako hasa. Uliza kwa maandishi: je, mnamruhusu mgonjwa asiye na mtu wa kumchukua? Hospitali nyingi hazimwachii mtu aliyetoka kwenye nusukaputi aondoke bila mtu mzima, hasa upasuaji wa siku moja kama wa kifua. Ajiri muuguzi kwa saa 24 hadi 48 za kwanza nje ya hospitali. Hili msilibanie pesa.

Chumba kiwe karibu na hospitali, chenye lifti, choo cha kukaa na bafu lisilo na kizingiti. Kabla ya upasuaji panga vitu vyote kwenye usawa wa kiuno: aliyefanyiwa kifua hanyanyui mikono juu ya mabega wala mzigo mzito kwa wiki kadhaa. Chukua mashati ya vifungo, pedi nyingi, na dawa ya kulainisha choo, kwani dawa kali za maumivu hufunga tumbo na kujikamua kunavuta mishono. Chagua mtu mmoja wa kumpigia kila siku saa ile ile, awe na namba ya wodi na idhini yako iliyoandikwa ya kuongea na madaktari. Wiki ya pili huzuni huwashika wengi. Si dalili kwamba umekosea, ni uchovu, maumivu na homoni zilizoyumba.

#6
Naongezea kuhusu upasuaji wa kutengeneza uke. Pamba ya ndani hutolewa takriban siku ya 5 hadi 7, kisha dilata (vijiti vya kuingiza ukeni ili usizibe) zinaanza: mara nyingi mara tatu kwa siku, dakika 20 hadi 30, kwa miezi ya mwanzo. Mwonyeshe muuguzi ukifanya mwenyewe kabla hujaruhusiwa. Kilainishi kiwe cha maji. Cha silikoni huharibu dilata za silikoni. Ziweke begi la mkononi, kwa kuwa begi likipotea siku tatu, kina kinaanza kupotea. Mrija wa mkojo ukitolewa, usiondoke mpaka umekojoa; wengine hurudishiwa mrija kwa siku chache, na ni kawaida.

#7
Kwa uume (faloplasti) ushauri wangu ni tofauti: usiende peke yako. Siku za kwanza mishipa ya kiungo kipya hukaguliwa kila saa, mkono mmoja haufanyi kazi, mrija unatoka tumboni kwa wiki kadhaa. Fistula (tundu linalovujisha mkojo) na kubana kwa njia ya mkojo hutokea mara nyingi, na upasuaji wenyewe huja kwa awamu zinazopishana kwa miezi. Ukikosa mtu wa hatua zote, subiri umpate.

#8
Kurudi. Tiketi iwe inayobadilishika, na akiba ya wiki mbili za ziada. Bima ya kawaida ya safari haigusi upasuaji uliopangwa wala madhara yake. Ndani ya ndege soksi za kubana, maji, na kutembea kila saa. Omba barua ya daktari kwamba unaweza kuruka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali papo hapo hata ukidhani ni uchovu tu: huenda ni damu iliyoganda.

Usitoke bila ripoti ya upasuaji inayotaja mbinu, ngozi ilikotolewa na dawa ulizopewa. Daktari wa mkojo au wa wanawake wa kwenu umpate kabla ya kuondoka. Nyama nyekundu zinazoota kwenye kidonda na kutoa damu kidogo huchomwa kwa nitrati ya fedha, ni jambo dogo. Homa ya nyuzi 38, usaha, au hewa na choo kupitia ukeni havisubiri jibu la barua pepe.